Kiti cha Aliyekaa Mahabusu

Kila asubuhi Fundi alifungua duka lake saa moja na nusu. Alikunja pazia, akapangusa chaki kwenye meza ya kukatia, kisha akatia tone la mafuta kwenye kila mashine. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, katikati ya saluni na duka la vocha. Ndani mlikuwa na cherehani mbili na mashine moja ya ovaloki. Ovaloki ndiyo inayomalizia kingo za nguo ili nyuzi zisichomoke. Bila hiyo, sare ya shule haimalizi hata muhula. Fundi aliipata baada ya kujinyima miaka minne, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akifunua vifuniko na kufukuzwa na mbwa. Alikuwa mtu mpole. Jambo likimshinda alisema, "Tutaona," na mengi yalimshinda. Walikuwa na watoto wawili wa shule. Mama mkwe aliishi nao, na mdogo wake mume, fundi baiskeli ambaye kila mtu alimwita Spana, alilala chumba cha uani.

Spana alikuwa na utani mwingi. Akipita dukani, aliinua suruali iliyokuwa mezani na kuuliza, "Shemeji, hii umemshonea mtu au umekishonea kiti?" Fundi alimtupia kipande cha kitambaa, naye akakimbia akicheka. Siku ambazo Fundi alichelewa, Spana ndiye aliyemfungulia duka. Kwa hiyo funguo zilikuwa mbili: mmoja wake, mmoja wa Spana.

Jumatatu moja Fundi alikuta mlango umefungwa vizuri na kufuli ni zima. Ndani, ovaloki haikuwepo. Sakafuni palibaki alama nne za miguu ya meza yake.

Kituo cha polisi walimwuliza nani mwingine ana ufunguo. Fundi alijibu alivyoulizwa. Hakusema Spana ni mwizi, alitaja jina tu. Baadaye alijiambia maneno hayo mara nyingi sana: nilitaja jina tu.

Spana alikamatwa saa nne asubuhi, mikono ikiwa na grisi. Mumewe Fundi alisema ni mambo ya siku mbili, tutaona. Siku ya tatu Spana alifikishwa mahakamani. Hakimu alitaka wadhamini wawili wenye nyumba zenye hati. Ukoo mzima ulikuwa wa wapangaji. Basi Spana akapelekwa mahabusu, gerezani kule wanakowekwa watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Mama mkwe hakulia mbele ya watu. Alimwuliza Fundi kama ana uhakika. Fundi akasema polisi watachunguza.

Miezi mitano ikapita, na ovaloki ikaonekana. Mteja aliiona kwenye karakana ya kutengeneza cherehani, upande wa pili wa mji. Fundi alikwenda, akaitambua kwa mkwaruzo ulio chini ya taa. Mwenye karakana aliufunga mlango kwanza. Alisema aliuziwa na mlinzi wa jengo, yule yule aliyekuwa akilinda mlango wa duka la Fundi. Kumbe kufuli la duka lilipobadilishwa mwaka uliotangulia, mlinzi aliachiwa funguo kwa saa chache, naye akajichongeshea ufunguo wake. Sasa alikuwa amehama na hakuna aliyejua alikokwenda. Mwenye karakana alimsihi Fundi achukue mali yake, mambo yaishe.

Fundi aliichukua. Wiki hiyo mumewe alikwenda gerezani siku ya kutembelea, akamwambia mdogo wake: "Mashine imepatikana. Wiki hii unatoka."

Fundi naye alikwenda kituoni. Alimweleza askari wa zamu kwamba mwizi hakuwa shemeji yake. Askari alimsikiliza akiwa ameshika tama.

"Kesi iko mahakamani, mama," alisema. "Si yako tena, ni ya serikali. Ila hiyo mashine ilete. Ni kielelezo, ushahidi wa kesi. Itakaa hapa mpaka kesi iishe."

"Itaisha lini?"

"Hilo kamuulize hakimu."

Ulikuwa msimu wa sare. Fundi alikuwa na oda ya shule nzima, sketi na kaptura mia tatu na kitu, na vitambaa vimekwisha kukatwa. Alirudi dukani, akaitazama ovaloki. Alijiambia ataipeleka sare zikiisha.

Mahakamani alikwenda pia, hilo ni kweli. Alikwenda mara mbili. Mara zote karani alimjibu kupitia dirisha dogo kwamba jalada halijaonekana, arudi wiki ijayo. Wiki ya tatu hakurudi. Sare zikaisha, zikaja nguo za harusi za watu. Kila mwezi uliopita uliongeza ugumu wa kwenda, maana angeulizwa alikuwa wapi mwezi uliotangulia. Mama mkwe, ambaye miguu yake haikuweza safari ya gerezani, aliambiwa mashine ile ni mpya. Mumewe ndiye aliyeutunga uongo huo. Fundi alinyamaza, na kimya chake kikautia muhuri.

Spana alikaa mahabusu miaka mitatu na miezi miwili.

Alitoka kwa bahati tu. Jaji mmoja alizuru gereza, akapita akiwauliza mahabusu mmoja mmoja amekaa muda gani. Aliposikia jibu la Spana aliagiza jalada litafutwe. Safari hii lilionekana siku hiyo hiyo. Kesi ilifutwa katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Spana alirudi akiwa amekonda, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Alipoulizwa sababu, alisema lilioza na hakuna aliyelitibu. Alikaa sebuleni dakika chache. Hakuugusa utani wowote. Alimsimulia mama yake yote, na la mashine akalisema bila kupaza sauti, akidhani mama analijua.

Kesho yake mama mkwe alifika dukani. Alikuwa hajawahi kufika. Aliomba kiti, akakaa mbele ya ovaloki.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Shona nayo, niione."

Fundi alichukua kitambaa, akashona upindo mmoja mrefu. Mashine ilikwenda sawa. Mama mkwe alikipokea kile kitambaa, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Inashona vizuri," alisema. Akainuka, akaondoka. Jioni hiyo alifunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kuishi na Spana katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya stendi ya baiskeli. Mumewe Fundi alibeba lile furushi mpaka mlangoni. Hakusema tutaona.

Karibu na duka aliishi mstaafu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Jalada. Alifanya kazi mahakamani miaka ishirini na sita, na hata sasa alitembea na karatasi kwapani. Siku moja alileta suruali apunguziwe kiuno, maana kustaafu kulikuwa kumemla mwili. Akiwa anasubiri alifungua gazeti mezani, akamwonyesha Fundi tangazo. Serikali ilitaka kuunda tume ya kuchunguza mfumo mzima wa haki jinai: polisi wanavyokamata, mahakama zinavyosikiliza, magereza yanavyoweka watu. Kamati ya Bunge ingepita mikoani kusikiliza wananchi kabla ya sheria ya kuunda tume kupitishwa. Katika mji wao ingekuwa siku kumi na mbili zijazo, ukumbi wa shule ya sekondari.

Fundi alisema hayo ni mambo ya wakubwa. Tume zinakuja, watu wanapiga picha, wanaondoka.

"Mara nyingi ni hivyo," Bwana Jalada alikubali. Akaeleza taratibu, kama mtu anayempa mgeni njia. Tume si mahakama. Haifungi mtu wala haifungui mtu. Haitamlipa Spana, wala haitamrudishia sikio. Kazi yake ni kuuliza kwa nini mambo yanakwama, kuangalia vitabu na majengo, kisha kuandika mapendekezo. Serikali inaweza kuyafuata, na inaweza kuyatia kabatini.

"Sasa ya nini?" aliuliza Fundi.

"Kwa sababu leo hakuna hata wa kuuliza. Na tume yenyewe bado haijaundwa. Huu ni mswada, yaani sheria ambayo haijapita. Wakishaapishwa wajumbe, wameapishwa. Wakati wa kusema nani akae pale ni sasa."

Alitoa nakala ya mswada kwapani, akasoma kifungu cha tano. Wajumbe wangekuwa kumi na mmoja. Jaji mstaafu. Ofisa mkuu wa polisi. Ofisa wa magereza. Mwendesha mashtaka. Mawakili wawili. Wahadhiri wawili. Katibu mkuu. Mchumi. Kiongozi wa dini. Fundi aliwahesabu kwa vidole, kisha akauliza nani kati ya hao amewahi kulala mahabusu.

Bwana Jalada alivua miwani. "Hilo swali," alisema, "liandike."

Fundi hakuandika siku hiyo, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu, mumewe akiwa kazini, alimwita Bwana Jalada dukani. Alikuwa amejaza kurasa mbili. Alimlaumu askari, alimlaumu hakimu, alimlaumu karani wa dirishani, na mlinzi akampa aya nzima. Bwana Jalada alisoma yote bila kuinua kichwa. Kisha akauliza swali moja.

"Miaka hiyo mitatu, mashine ilikuwa wapi?"

Fundi aligeuka akatazama. Ovaloki ilikuwa hatua mbili kutoka walipokaa.

"Watakuuliza hilo kabla hujamaliza salamu," alisema mzee. "Afadhali ulitaje mwenyewe."

Fundi alisema hawezi kulisema mbele ya majirani. Bwana Jalada akamwambia kuna njia. Mtu anaweza kupeleka maoni kwa maandishi, na anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Sheria inaruhusu. Asimtukane mtu. Asiandike aliyoyasikia kwa wengine. Aseme yeye ni nani, kilichompata ni nini na tarehe gani, anazungumzia kifungu kipi, anataka kibadilike vipi. Ukurasa mmoja unatosha, maana wanakamati ni watu, nao wanachoka.

Halafu alimweleza jambo lililomuumiza zaidi. Ile siku mashine ilipopatikana, alikuwa na njia. Angeandika barua fupi kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, kusema mali imepatikana na hamtuhumu tena mshtakiwa. Nakala mahakamani, nakala kwa mkuu wa gereza. Kila mahali angegongewa muhuri wa kupokea kwenye nakala yake. Mwendesha mashtaka angeweza bado kuamua kuendelea, lakini angelazimika kulitazama lile jalada. Na mashine ingepigwa picha, akaomba arudishiwe kwa ahadi ya kuileta ikihitajika. Huombwa kila siku.

"Maneno ya mdomo dirishani hayana muhuri," alisema Bwana Jalada. "Yanapotea mtu akigeuka."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna. Na pengine karani aliyekuwa dirishani siku hizo ni mimi."

Mzee alisema hakumbuki uso wake, na hilo ndilo baya. Makarani walikuwa wawili kwa mahakama sita. Majalada yalifungwa kwa kamba na kupangwa chini ya ngazi, panya wakala pembe. Kusema halijaonekana kulichukua dakika moja. Kulitafuta kulichukua siku nzima. Alisema hivyo kwa watu wengi kila siku, akala chakula chake cha mchana, akalala vizuri.

Fundi alichana zile kurasa mbili. Akaanza upya.

Alipofika kwenye tarehe alikwama. Hakujua Spana alipelekwa mahakamani mara ngapi. Wa kujua alikuwa Spana mwenyewe. Alikwenda stendi ya baiskeli mchana, akamkuta amegeuza baiskeli magurudumu juu. Kwa kusahau, alimsalimia upande wa sikio la kushoto, kisha akazunguka upande wa pili. Alimweleza habari za tume na maoni aliyotaka kuandika. Spana aliendelea kukaza spoki za gurudumu. Alisema daftari analo. Kila tarehe aliyopangiwa aliiandika, pamoja na sababu waliyompa.

Fundi akaomba aazimwe kwa siku moja.

Spana aliweka chini kifaa alichoshika.

"Kaka aliponiambia wiki hii natoka," alisema, "nilikuwa na godoro. Kule godoro ni mali. Nilimpa mzee mmoja aliyekuwa akikohoa, nikamwambia mimi naondoka. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Nikaona aibu kulidai. Nimelala kwenye sakafu miaka miwili na miezi tisa, shemeji, nikikusubiri wewe umalize sare."

Fundi alijaribu kusema samahani. Neno lilikuwa dogo, akaliona lilivyo dogo kabla halijatoka.

"Daftari halitoki mikononi mwangu," alisema Spana. "Siku hiyo nitakuja mwenyewe. Nitalisoma mwenyewe." Akarudi kwenye spoki zake.

Fundi alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba naye atasema kwa mdomo wake, waziwazi, bila kuficha jina. Mumewe aliwaza watoto watakavyosimangwa shuleni. Aliwaza kazini kwake. Walibishana kwa sauti za chini mpaka chakula kikapoa. Mwishowe mume alisema kitu ambacho Fundi hakukitarajia: kwamba yeye ndiye aliyemwambia mdogo wake atatoka, na yeye ndiye aliyeacha kwenda kumtembelea kwa sababu hakuwa na la kumjibu. Fundi akamwuliza kama atakuja ukumbini. Alisema atakuja.

Ukumbi wa shule ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa kelele. Wanakamati walikaa watano jukwaani. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye sauti ya ualimu. Alisema kila mtu ana dakika tano. Watu walizungumza: mmoja juu ya polisi wa barabarani, mwingine juu ya mpaka wa shamba, akaambiwa kwa upole kwamba hilo si la siku hiyo.

Zamu ya Fundi ilipofika alisimama na ukurasa wake. Alisema yeye ni mshonaji. Alisema mashine yake iliibiwa, akataja jina la mtu asiye na hatia, na alipojua ukweli aliogopa kupokonywa mashine kuliko alivyoogopa mtu kuozea gerezani. Ukumbi ulinong'ona. Mwanamke wa saluni, jirani yake wa miaka mingi, aliangalia pembeni. Fundi aliendelea. Alisema hakuna ofisi iliyomtafuta, wala kumweleza mlalamikaji afanye nini akigundua amekosea. Alisema kifungu cha tano kina watu kumi na mmoja, wote wanaijua sheria kutoka upande wa kuitumia. Aliomba viongezwe viti viwili: kimoja cha mtu aliyewahi kukaa mahabusu na kesi yake ikafutwa, kingine cha mlalamikaji wa kawaida.

Alipokaa, mumewe alisogeza kiti chake karibu. Hakumgusa.

Spana alikuwa amekaa nyuma na mama yake. Alikuja mbele, akafungua daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akaanza kusoma. Tarehe na sababu, tarehe na sababu. Jalada halijaonekana. Hakimu yuko kwenye mafunzo. Gari bovu, hatukupelekwa. Jalada halijaonekana. Mwendesha mashtaka amehamishwa. Mlalamikaji hajafika. Hakimu anaumwa. Mlalamikaji hajafika.

Zilikuwa tarehe sitini na nne. Kwenye ya ishirini mwenyekiti alitazama saa.

"Ndugu, tumekuelewa," alisema. "Unaweza kutufupishia?"

Spana alimgeuzia sikio zima ili asikie vizuri. Mwenyekiti akarudia.

"Mimi sikufupishiwa," alisema Spana.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Hakumkatiza tena. Feni ilipiga kelele, na Spana akasoma. Mlalamikaji hajafika ilijirudia mara kumi na moja. Kila iliposomwa, Fundi aliisikia kama mtu anayeitwa kwa jina lake. Jalada halijaonekana ilijirudia mara ishirini na mbili. Bwana Jalada alikuwa amekaa safu ya tatu, kichwa kimeinama, midomo ikihesabu.

Spana alipomaliza alifunga daftari. Hakutoa ombi lolote. Alimshika mama yake mkono wakatoka, na walipopita karibu na Fundi hawakusimama.

Miezi ile ya kwanza haikuwa rahisi. Wateja kadhaa walihamia kwa mshonaji mwingine. Mtu aliandika neno baya kwenye mlango wa duka kwa mkaa, na mume akaupaka rangi Jumamosi nzima. Mtoto mkubwa alirudi kutoka shuleni siku moja akauliza kama ni kweli mama alimfunga baba mdogo. Fundi alimweleza yote, kama alivyoyaeleza ukumbini.

Baada ya miezi minne sheria ilipita. Bwana Jalada alikuja nayo, akaifungua mezani kwenye kifungu cha tano. Wajumbe sasa walikuwa kumi na watatu. Maombi ya namna ile yalikuwa yametoka katika miji mingine pia, na viti vyote viwili viliandikwa. Ofisi ya mtaa ilimpelekea Spana fomu ya kuomba kile cha mahabusu. Hakuijaza. Alisema amekwisha kaa vya kutosha. Kiti kilikwenda kwa muuza mkaa mmoja wa mkoa mwingine, mama aliyekaa mahabusu miaka miwili akituhumiwa kwa moto ambao hakuuwasha.

Mama huyo, kwa habari zilizoandikwa, ndiye aliyewauliza wenzake swali ambalo wasomi hawakuliwaza: mahabusu wangapi wamesahauliwa kwa sababu hakuna anayewahesabu? Katika taarifa yake ya kwanza tume ilipendekeza kwamba kila mahakama ibandike ukutani, kila mwezi, orodha ya mahabusu wake, siku walipoingia na sababu ya mwisho ya kesi kuahirishwa. Mapendekezo mengine mengi yalitiwa kabatini, na mengine yako humo mpaka leo. Hili moja lilifuatwa.

Orodha ya kwanza katika mji wao ilikuwa na majina mia mbili na kumi na mawili. Wa muda mrefu kuliko wote alikuwa ameingia miaka sita nyuma. Watu walikuja kusoma, wakisogeza vidole juu ya kioo kilichoifunika. Wengine walipata jina la mtu wao, na wengine waligundua kwamba halimo, wakaingia ndani kuuliza kwa nini. Katika miezi mitatu waliachiwa watu thelathini na mmoja. Bwana Jalada alijitolea kusimama pale kila tarehe mosi, kuwasomea wasioona vizuri. Hakuna aliyemtuma.

Siku moja alifika dukani mwanamke ambaye Fundi hakumjua. Alikuwa mfagizi wa hospitali, bado amevaa sare ya kazi. Alisema alimshtaki mtoto wa dada yake kwa kuiba simu. Simu sasa imeonekana ndani ya godoro analolalia yeye mwenyewe, na kijana yuko mahabusu wiki ya sita. Amekwenda kituoni, ameambiwa kesi si yake tena.

Fundi alimwuliza nani aliyemwelekeza kwake.

"Fundi baiskeli wa pale stendi," alisema mwanamke. "Alisema nije kwako. Alisema wewe unajua kutoandika kunamfanya nini mtu."

Fundi akasogeza vitambaa, akachukua karatasi. Aliandika barua kwa mwendesha mashtaka: jina la mlalamikaji, namba ya kesi, simu imepatikana wapi na lini, hamtuhumu tena mshtakiwa. Mistari saba. Akaiandika nakala tatu kwa mkono. Alifunga duka mchana ule, akaenda na yule mwanamke ofisi zote tatu, akasimama naye mpaka kila nakala ikagongwa muhuri.

Baada ya siku tisa mwanamke alirudi. Kijana alikuwa nyumbani, amelala. Mwanamke alishukuru sana, akataka kumshika Fundi miguu, Fundi akamzuia. Alimwambia aliyestahili shukrani ni yule aliyemwelekeza.

"Nimeanzia kwake," alisema mwanamke. "Nimemwambia kijana ametoka. Akaniuliza imechukua siku ngapi. Nikamwambia tisa."

"Akasema nini?"

"Aliinamia gurudumu lake, akaanza kulizungusha kwa mkono, polepole. Nimeondoka bado analizungusha."